Rafu ya matunda dukani: uzoefu wangu

Kwa muda mrefu nilinunua matunda supamaketi na mengi yakaishia kwenye pipa la taka. Kosa lilikuwa langu, nilichagua kwa macho. Embe likiwa na shavu jekundu nalitia kikapuni, nikifika nyumbani nalikata, ndani jeupe na kali hadi meno yanaingia ganzi.

Kilichonisaidia ni kutenganisha kukomaa na kuiva. Ndizi, embe, papai na parachichi zikichumwa zimekomaa huendelea kuiva, kwa sababu zenyewe hutoa ethilini, gesi inayoivisha matunda. Siku hizi parachichi nalinunua gumu kwa makusudi (mtini nako haliivi), nalivundika kwenye mfuko wa karatasi pamoja na ndizi mbivu, na baada ya siku chache linabonyea. Yaliyokwisha kulainika dukani nimeachana nayo. Kila mteja ameshayaminya, na ukiyapasua unakuta vidole vyao vimeacha madoa meusi. Embe nalo natazama mabega: yakijaa kuzunguka kikonyo, limekomaa, liwe la kijani au jekundu.

Nanasi, machungwa, zabibu na tikiti maji hazivundikiki. Zitalainika, lakini utamu ni ule ule uliotoka nao dukani, kwa hiyo hapo ndipo ninapokawia. Nanasi nalinusa kitakoni. Likinukia utamu nalichukua, likinukia pombe nalirudisha. Tikiti naligeuza nione pale lilipolalia ardhi. Doa likiwa jeupe naliacha, likiwa la manjano iliyokolea napima mawili ya ukubwa mmoja mikononi na kuchukua lililo zito. Kuna wanaoligonga na kutikisa kichwa kama mafundi. Nami nimejaribu, ila masikioni mwangu matikiti yote husema neno moja.

Lawama yangu ni vile vifungashio vya plastiki. Huwezi kunusa, huwezi kupima, na zabibu za juu hung'aa ilhali za chini zimeota ukungu. Nisipoweza kupindua pakiti nikaona chini yake, siinunui.

Rafu naipa nyota tatu kati ya tano. Ingekuwa ndizi za kijani peke yake, ningetoa zote tano.