TAHADHARI: Kuna jamaa Kariakoo anauza kabureta za ndege za modeli (hizi ndogo tunazorusha kwa rimoti), mimi kashanipiga 185,000

Wakuu, nimepigwa. Tangu juzi sijalala vizuri, na nimeona nisiposema mwingine ataingia kwenye shimo lilelile wiki ijayo. Ile kabureta ya zamani ya ndege yangu ya njano ilishaisha, nikawa natafuta nyingine. Injini ni ileile ya petroli, cc 30.

Huyu kijana nilimpata mtandaoni. Alipost picha ya ndege iko kwenye stendi, propela inazunguka, chini kaandika "spea za injini za modeli, orijino tupu". Nikamuuliza inboksi kama ana kabureta ya kampuni ya Walbro, aina ya WT, na nawaapia wala hakuuliza "WT ndo nini". Akarudisha swali hapohapo, eti mzee wangu injini yako kabureta imekaa nyuma au pembeni, na mkono wa sevo (kile kimota kinachovuta gesi) unavutia upande gani? Sasa niambieni, kwa miaka yote hii ni muuza spea gani Dar aliwahi kukuuliza habari ya sevo? Wote ukisema kabureta wanakuletea ya bodaboda. Nikasema huyu anajua.

Tukakutana Kariakoo mchana, nje ya duka la mashine za kufyekea majani. Hata nembo ya duka sikuangalia, nilidhani ni lake. Shikamoo ya heshima kabisa, akanivutia stuli, akatoa kiboksi cheupe kimefungwa naironi, akakata naironi kwa wembe mbele yangu taratibu kama anafungua dhahabu. Akawasha tochi ya simu akamulika ubavuni, "soma mwenyewe mzee wangu", na kweli maandishi yapo, jina la kampuni na namba. Nikatoa kalipa yangu, kile kipimo cha milimita, nikapima tundu za bolti kutoka kati hadi kati, milimita 31, sawasawa na ya kwangu. Nikachezesha choki, kile kifuniko cha hewa, ikarudi. Yeye akaweka mdomo kwenye pua ya mafuta akapuliza mashavu yakajaa, akasema unaona, haivuji. Nikasikia kaharufu ka petroli kwenye kitu kipya. Nikamuuliza. Akanijibu bila kupepesa, "kiwandani lazima waijaribu mzee". Na ni kweli viwandani vitu vinajaribiwa! Ndio maana nikanyamaza. Aliniambia 220,000, tukashuka mpaka 185,000, nikamtumia kwenye simu palepale na ya kutolea nikamuongezea, tena nikamshukuru. Hilo la kumshukuru ndilo linaniuma kuliko hela.

Jumamosi nilipokwenda kuirusha mlikuwepo baadhi yenu. Wale watoto wa shule walikuja kwa sababu mimi ndiye niliyewaalika, mimi ndiye niliyemwambia mwalimu wao kwamba saa nne ndege itakuwa juu. Mafuta mapya, petroli 30 kwa oili 1 kama siku zote, sindano zote mbili za kupimia mafuta nimefungua mzunguko mmoja na nusu. Nikadondoshea petroli kidogo kwenye koo la kabureta, nikapiga propela, ikawaka! Watoto wakapiga makofi. Sekunde tatu, kimya. Nikarudia, ikawaka, ikazima, nikarudia tena, mpaka kidole cha shahada kikavimba na watoto wakaanza kukaa chini kwenye nyasi, na mwalimu anaangalia saa. Mafuta kwenye mpira hayasogei hata inchi moja. Saa sita wakaondoka. Kuna katoto kamoja kakaniuliza babu itaruka kesho? Sikuwa na jibu.

Usiku nikaifungua mezani. Ule upande wa pampu, wenye kava ya skrubu moja, kile kiwambo (utando laini unaopampu mafuta) ndani kimekauka kimejikunja kama ganda la kitunguu. Kitu kipya hicho! Halafu kwenye ekseli ya choki, chini ya springi, nikatoa kwa pini kipande cha jani kavu. Jani la kufyekwa. Yani kabureta imetolewa kwenye mashine ya kukatia majani, ikaoshwa, ikatiwa kwenye boksi. Na ile sehemu yenye maandishi ukiilaza kwenye mwanga inaonekana imepigwa msasa kwanza, namba ya zamani ikafutwa, hiyo mpya ikagongwa juu yake, herufi hata mstari hazijanyooka.

Lililoniua zaidi ni kale katundu. Kabureta zetu hazina floti (boya la mafuta) kama za pikipiki, ndio maana ndege ikigeuka tumbo juu injini haizimi, zinavuta mafuta zenyewe kwa pampu ya kiwambo, na pampu inasukumwa na pumzi ya krenkesi (tumbo la injini) inayopita kwenye kitundu kidogo usoni pale inapofungwa. Ya kwangu kiko kulia. Hii kiko kushoto. Gasketi imekiziba chote, pumzi haifiki, basi. Bolti zimekaa, koo limekaa, kila nilichopima kimekaa, na hicho kitundu sikukiangalia kwa sababu ya zamani niliiacha nyumbani. Nendeni na ya zamani mkononi jamani, mziweke uso kwa uso na gasketi katikati, na akikataa kufungua ile skrubu moja uone kiwambo, ondoka. Na harufu ya petroli kwenye boksi jipya msiikubalie hadithi. Kumbe hata seti ya kurepea, yenye viwambo na gasketi, ingenitosha kwa ile ya zamani, fundi mmoja ndo kaniambia leo.

Nilimpigia. Mara ya kwanza "mzee wangu utakuwa umefunga vibaya", mara ya pili hapokei, sasa kaniblock. Nikaenda pale dukani, mwenye duka anasema hamjui, huwa anakaa tu pale nje. Na ile picha ya ndege kwenye stendi si yake, nimeikuta kwa jamaa wa nchi nyingine kabisa.

Huyu mtu ni wa kufungwa. Sio kurudisha hela tu, afungwe, maana shikamoo yake ni ya kuibia wazee. Ujumbe wote ninao, muamala ninao, kabureta yenyewe na jani lake nimeviweka kwenye mfuko wa plastiki. Jumatatu asubuhi naenda kituoni, kama na wewe kakuuzia kitu njoo inboksi usione aibu, twende wawili au watatu wasiseme ni mzee mmoja kakosea kufunga bolti.