Gango la kiwiko lenye bawaba: uzoefu wangu baada ya kulitumia kwa viwiko vilivyoteguka na kuvunjika

Gango, yaani kifaa cha kushikilia kiungo kilichoumia, ninalolizungumzia hapa ni lile la pau mbili za alumini zilizounganishwa kwa bawaba, likiwa na mikanda minne ya velkro na sponji za kukinga ngozi. Pau moja hulala kwenye mkono wa juu, nyingine kwenye kigasha, yaani sehemu iliyo kati ya kiwiko na kifundo cha mkono. Juu ya bawaba pana kisahani chenye alama za nyuzi za pembe (sifuri ni mkono ulionyooka kabisa, na namba hupanda kadiri unavyokunjwa) na pini mbili. Pini ya kwanza huamua mkono unyooke hadi wapi, ya pili huamua ukunjwe hadi wapi. Nikiulizwa kama ni kifaa kizuri, nitasema ni kizuri sana kwa majeraha machache na hakifai kabisa kwa mengine, na hata pale kinapofaa, mara nyingi huvalishwa vibaya. Likikaa vibaya, namba iliyo kwenye kisahani haina maana yoyote.

Sababu ya kulitumia ni moja tu: kiwiko hukakamaa upesi mno. Mifupa mitatu (humerasi ya mkono wa juu, na radiasi na ulna za kigasha) hukutana ndani ya kifuko kimoja chembamba, na kifuko hicho kikiraruka hupona kwa kovu nene lililojikunja. Kiwiko kilichoteguka, yaani mifupa ikachomoka mahali pake, bila mfupa kuvunjika, kikarudishwa vizuri kisha kikafungwa plasta ngumu kwa zaidi ya wiki tatu, kwa kawaida hakitanyooka tena sawasawa. Wengi huogopa kiwiko kuteguka mara ya pili, lakini kwa jeraha la aina hiyo hilo hutokea kwa nadra. Ugumu ndio unaowapata wengi. Mwaka 1981 Morrey na wenzake walipima mwendo wa kiwiko unaohitajika kwa shughuli za kila siku: kukunja na kunyoosha kati ya nyuzi 30 na 130, na kugeuza kiganja nyuzi 50 juu na nyuzi 50 chini. Huo ndio mwendo tunaoupigania, na gango hili linaturuhusu kuanza mapema bila kufika mahali ambapo mifupa inaweza kuchomoka.

Kabla ya kulifungua kwenye boksi lake, kuna mambo ambayo lazima yawe yamekwisha kufanyika. Kiwiko kiwe kimerudishwa mahali pake na daktari, mgonjwa akiwa amepewa dawa za kutuliza. Mapigo kwenye kifundo cha mkono yawe yamekaguliwa kabla na baada, pamoja na neva tatu. Neva hupimwa kwa amri rahisi: inua kidole gumba kama anayesifu, unganisha ncha za kidole gumba na cha shahada zifanye duara, kisha tawanya vidole. Picha za eksirei ziwe mbili, ya mbele na ya ubavu. Kwenye kila picha, mstari unaopita katikati ya radiasi lazima ugonge kile kinundu cha mviringo cha humerasi kinachotazamana nayo. Usipokigonga, kiungo hakijakaa, na gango litakuwa linashikilia kosa.

Na kuna namba moja ambayo bila hiyo anayevalisha anabahatisha. Baada ya kukirudisha kiwiko, daktari hukinyoosha taratibu na kuangalia kinaanza kuteleza kikiwa kwenye nyuzi ngapi. Hurudia kiganja kikiwa kimetazama chini, kisha kikitazama juu. Ligamenti (ukanda unaofunga mfupa kwa mfupa) ya nje ikiwa ndiyo iliyoraruka, kiwiko huwa imara zaidi kiganja kikitazama chini. Ikiwa ni ya ndani, huwa imara kikitazama juu. Pini ya kuzuia kunyooka huwekwa kwenye mkunjo ulio mkubwa kidogo kuliko pale kiwiko kilipoanza kuteleza. Kwa hiyo kikianza kuteleza kwenye nyuzi 30, mimi huanzia 45, wakati mwingine 60. Lakini kiwiko kinachochomoka kikiwa bado kimekunjwa zaidi ya nyuzi 45 hivi si cha kuachiwa gango peke yake. Hicho kinahitaji daktari bingwa wa mifupa, picha ya CT (eksirei ya kompyuta) na mara nyingi upasuaji. Ningependa maagizo yanayokuja na gango yaandike jambo hilo ukurasa wa kwanza.

Silivalishi siku ile ile ya ajali. Uvimbe wa siku za mwanzo ni mkubwa, na mikanda iliyokazwa juu ya uvimbe huo hubana mishipa. Nusu plasta ya nyuma, mkono ukiwa umekunjwa nyuzi 90, inatosha kwa siku 5 hadi 7. Baada ya hapo gango.

Kulivalisha kwenyewe, mgonjwa aketi au alale, kiwiko kikiwa nyuzi 90 na kigasha kimeegemezwa kwenye mto ili misuli ilegee. Vuta soksi ya pamba isiyo na mikunjo kutoka kifundo cha mkono hadi karibu na kwapa. Papasa kinundu cha mfupa kilicho upande wa nje wa kiwiko, kiwekee alama ya kalamu juu ya soksi, kisha weka kitovu cha bawaba juu ya alama hiyo. Kosa la sentimita mbili hapa huharibu kila kitu kinachofuata, kwa sababu bawaba na kiungo vitazunguka kwenye vitovu viwili tofauti, na kila mgonjwa anapokunja mkono, pau zitakuwa zinasukuma kigasha upande mmoja. Rekebisha urefu wa pau: ya chini iishie upana wa vidole viwili kabla ya kifundo ili kifundo kibaki huru, isipokuwa kama daktari ameagiza kiganja kizuiwe kugeuka. Mimi hufunga kwanza mikanda miwili iliyo karibu na bawaba, ndipo nimalizie ya mbali. Kidole kimoja kipite chini ya mkanda bila kulazimisha. Halafu subiri dakika 10, uangalie rangi na joto la vidole, na umwombe mgonjwa avichezeshe.

Sasa pima kwa kipimapembe, usiamini kisahani. Hili ndilo lalamiko langu kubwa kuhusu magango yote ya aina hii niliyoyatumia. Nyama za mkono hubonyea chini ya sponji, kwa hiyo mgonjwa akinyoosha mpaka pini igote, mfupa wenyewe huendelea mbele ya pale kisahani kinaposema. Tofauti ya nyuzi 10 ni ya kawaida, na kwa mkono mnene huwa kubwa zaidi. Ukitaka kiwiko kikome kwenye 45, huenda ukalazimika kuiweka pini kwenye 60. Andika namba zote mbili kwenye kadi ya mgonjwa, ya kisahani na ya kipimapembe, la sivyo atakayemwona wiki ijayo atasoma kisahani na kudhani ndiyo hali halisi.

Tatizo la pili ni kuteleza. Mkono wa juu ni mpana juu na mwembamba chini, na gango lina uzito, kwa hiyo likivaliwa saa chache hushuka kuelekea kifundo na kuiburuza bawaba pamoja nalo. Uvimbe unapopungua, mikanda nayo hulegea na hali huwa mbaya zaidi. Mkanda wa bega husaidia sana. Gango lisilo na mkanda huo silipendekezi. Mgonjwa afundishwe kuangalia ile alama ya kalamu asubuhi na jioni. Bawaba ikiwa imeshuka, asilivute gango juu kwa nguvu likiwa limefungwa. Aketi, aegemeze kigasha mezani kiwiko kikiwa nyuzi 90, alegeze mikanda, arudishe bawaba kwenye alama, afunge upya.

Uzito huo huo una madhara mengine ambayo wavaaji wengi hawaambiwi. Ligamenti ya nje ikiwa imeraruka, kila mgonjwa anapoutanua mkono mbali na ubavu, kigasha pamoja na chuma chake huvutwa chini na kiwiko hupanuka upande wa nje, pale pale palipoumia. Kiwiko kikae karibu na mbavu. Usiku, mto uwekwe chini ya kigasha ili mkono usianguke pembeni.

Upande wa ndani wa kiwiko, nyuma ya kinundu, neva ya ulna hupita karibu sana na ngozi. Sponji ya ndani ikikaa juu yake, kidole kidogo na cha pete huanza kufa ganzi. Usisubiri miadi ya kesho kwa dalili hiyo. Hamisha sponji mara moja, na ganzi isipopungua ndani ya saa moja au mbili, arudi kwa daktari. Maumivu makali yanayozidi vidole vinaponyooshwa na mtu mwingine, au kigasha kilichojaa na kuwa kigumu kama ubao, ni dharura. Mikanda yote ifunguliwe na mgonjwa apelekwe hospitali saa ile ile.

Ratiba ya pini huamuliwa na daktari, lakini mwendo wa kawaida ni kuruhusu nyuzi 15 zaidi za kunyooka kila wiki, ili wiki ya nne hadi ya sita mkono uwe huru. Kwa kiwiko kilichoteguka, pini ya kukunja kwa kawaida huachwa wazi. Picha ya ubavu hurudiwa kila wiki kwa wiki tatu za mwanzo. Pengo kati ya ulna na humerasi likifika milimita 4 au zaidi kwenye picha hiyo, usiruhusu nyuzi zaidi. Mrudishe kwa daktari kwanza. Hapa pana kero: kisahani hufunika mahali pale pale tunapotaka kupaona. Inabidi kulifungua gango na kuushikilia mkono kwenye nyuzi zile zile wakati wa kupiga picha, na fundi wa eksirei asiyejua sababu anaweza kuunyoosha mkono ili apate picha nzuri. Mwambie mapema.

Zoezi linaloendana na gango hili kuliko yote hufanywa mgonjwa akiwa amelala chali, mkono wa juu ukielekea dari. Katika mkao huo uzito wa kigasha huisukuma mifupa ikutane, na msuli wa nyuma ya mkono huishikilia. Akunje na kunyoosha mwenyewe mara 10, kwa vipindi 4 au 5 kwa siku, bila kumsubiri mtu. Kugeuza kiganja kufanyike kiwiko kikiwa nyuzi 90. Asiruhusu mtu yeyote auvute au kuukanda mkono kwa nguvu. Kiwiko kilichojeruhiwa kikilazimishwa kinaweza kuotesha mfupa ndani ya misuli, na ugumu wa namna hiyo hauondoki kwa mazoezi.

Kwa mivunjiko, thamani ya gango hutegemea mfupa uliovunjika. Kichwa cha radiasi kilichopata ufa bila kusogea hakihitaji chuma chochote: kitambaa cha kuning'inizia mkono kwa siku chache, kisha mwendo. Kwa ncha ya kiwiko iliyofungwa kwa waya au bamba, ni pini ya kukunja ndiyo inayofanya kazi, mara nyingi ikianzia nyuzi 90, kwa kuwa kukunja zaidi huvuta pale palipoungwa. Na kwa wiki 6 mgonjwa asijisukume kwa mkono huo anapoinuka kitini. Kuteguka kulikoambatana na kuvunjika kwa kichwa cha radiasi na ile ncha ya mbele ya ulna iitwayo koronoidi ni jeraha baya. Gango huja baada ya upasuaji, si badala yake. Na kwa watoto waliovunjika juu kidogo ya kiwiko, sahau kifaa hiki. Hao hutibiwa kwa plasta, au kwa pini za chuma zinazopita kwenye mfupa wenyewe na kutolewa baada ya wiki 3 au 4.

Upande wa uimara, pau na bawaba hudumu. Velkro hujaa nyuzinyuzi za soksi na kupoteza mshiko ndani ya wiki chache, basi isafishwe kwa mswaki mkavu. Sponji hunyonya jasho, kwa hiyo omba seti mbili: moja ivaliwe, nyingine ifuliwe na kukaushwa kivulini. Pini ndogo hupotea, na ikichomoka usiku bila mtu kujua, kiwiko hakina kizuizi tena. Kipande cha plasta ya kubandika juu ya kisahani huzuia hilo, na pia huonyesha kama mtu ameichezea.

Baada ya wiki 6, mkono ukiwa bado haunyooki kwa nyuzi 30 au zaidi, wengine huendelea kulivaa wakitumaini litawanyoosha. Haliwezi. Pini zake huzuia mwendo, hazivuti. Kwa kazi hiyo lipo gango la aina nyingine, lenye skrubu inayokazwa kidogo kidogo, linalovaliwa kwa vipindi vya dakika 30 hadi mara tatu kwa siku, na huanza kutumika picha zikionyesha kwamba mfupa umeunga.