Mzee wa chokaa Vingunguti: hapa ndipo ninaponyonyolea ngozi zangu za mbuzi

Jumatatu ya wiki iliyopita nilipeleka ngozi sita za mbuzi kwa mzee mmoja Vingunguti, Dar es Salaam, jirani na machinjio. Jana nimezichukua. Mimi nashona makubazi Ukonga. Ngozi nazisindika mwenyewe kwa unga wa magome ya miwati, miti ambayo magome yake hugeuza ngozi mbichi kuwa ngozi ya kushonea, unaotoka Njombe, ila kunyonyoa manyoya namwachia yeye.

Anatumia chokaa iliyozimwa tu, sodiamu salfaidi, ile dawa kali ya kuyeyusha manyoya, hagusi. Siku ya kwanza ngozi zinashinda kwenye maji zitoke chumvi na damu, kisha zinaingia kwenye majaba ya chokaa, vijana wanazigeuza asubuhi na jioni. Siku ya sita nilipita kuangalia. Mzee akavuta ngozi moja, akakandamiza shingoni kwa kidole gumba, akasukuma: manyoya yakateleza na mizizi yake, pakabaki peupe. “Shingo ikikubali, kwingine kote kumeshakubali,” akaniambia. Akaitandaza juu ya gogo la mnazi, akaipara kwa kisu butu kufuata manyoya yanakolala. Ukiinama karibu unaviona vitundu vya vinyweleo safu kwa safu, hakuna mkwaruzo hata mmoja.

Mwaka jana nilipeleka kwingine, sitapataja, waliponiahidi siku moja. Walizidisha salfaidi, manyoya yakawa kama uji. Nilifurahi mpaka zilipokauka: mizizi imebaki ndani, vidoti vyeusi tele, uso wa ngozi umelegea, ukiukunja unafanya makunyanzi. Jozi kumi na moja niliziuza kwa bei ya kutupa. Kilichoniuma zaidi ni yule kijana aliyekuwa akizitoa kwenye pipa kwa mikono mitupu. Dawa inayoyeyusha manyoya, mkono wa mtu itauachaje? Tena ikikutana na tindikali inatoa hewa ya sumu inayonuka yai viza, na hewa hiyo inaua. Kwa mzee kila kijana ana glavu ndefu na mabuti, maana hata chokaa inababua.

Dosari yake ni moja: hasuuzi vya kutosha. Nilikata ncha ya ngozi nikadondoshea fenoftalini, dawa ya kupimia inayogeuka waridi ikikuta chokaa, katikati pakageuka waridi iliyokolea. Yaani chokaa bado imo, na ikikutana na miwati ngozi inapiga madoa. Ikabidi nizilaze kwenye maji ya pumba yaliyochachuka ili uchachu uitoe chokaa, nikapima tena na tena mpaka rangi ikakoma kutokea. Nimemweleza, amekubali kuongeza maji mawili ya kusuuzia.

Bei ni shilingi 4,000 kwa ngozi ya mbuzi. Ya ng'ombe hapokei. Peleka siku hiyohiyo ya kuchinja, au uitie chumvi nyingi kabla. Iliyoanza kunuka anairudishia mlangoni.