TAHADHARI: Commodore 64 "imeshafanyiwa sevisi", msitume hela

Wapenzi wa kompyuta za zamani, hasa tunaoishi huku Ujerumani ambako Commodore 64 bado zinapatikana kwa wingi, someni hii kabla ya kulipa.

Kuna muuzaji mtandaoni anatangaza "imeshafanyiwa sevisi, chomeka utumie". Nilimlipa yuro 190, pamoja na yuro 45 za chipu ya sauti ya akiba, SID 6581. Picha yake ilionyesha skrini ya bluu ya kuwashia, yenye maandishi ya baiti 38911 za kumbukumbu zilizo wazi, nikaamini. Mzigo ulipofika, mashine iliwaka dakika kama kumi, herufi zikavurugika, kisha giza.

Muuaji ni adapta. Amenitumia ile ya asili, nzito kama tofali, iliyojazwa gundi ngumu ndani hata haifunguki. Mashine hii inakula volti 5 za DC na volti 9 za AC. Kidhibiti cha zile volti 5 kikichoka, umeme unapanda na kuziunguza chipu, RAM (chipu za kumbukumbu) zikiwa za mwanzo. Nilipoipima adapta ikiwa bado ya moto ilisoma volti 6.9. Ilipopoa, 5.1! Kwa hiyo akikwambia "nimepima, iko sawa", muulize alipima baada ya muda gani. Ikizidi 5.25, chomoa hapo hapo.

RAM mbili zilikuwa zimekufa. Zimechomelewa kwenye bodi, kuzing'oa bila kuharibu njia za shaba kulinichukua jioni tatu. Mashine ikafufuka, lakini bubu. Nikachukua ile SID ya akiba: kimya vilevile. Nikaisugua kwa pamba yenye asitoni, maandishi yote yakafutika, na chini yake ikaonekana namba ya chipu nyingine kabisa. Imeniuma sana, maana SID halisi hazitengenezwi tena na kila ya bandia inamnyima mtu mashine yake.

Aliniomba nitume hela kama ya rafiki, njia isiyo na ulinzi wa mnunuzi, "tukwepe makato". Nikakubali, na sasa sina pa kudai.

Juzi nimeona tangazo lenye jina jipya, yuro 220, picha ileile: televisheni yenye mkwaruzo kona ya kushoto. Nimemwomba video ya mashine ikiwa imewaka nusu saa. Amenifungia. Kama mzigo wake umeshakufikia, adapta hiyo usiichomeke kabisa. Tafuta mpya kwanza.