Kitambaa cha marekani cha Ngamiani safi, ila hiyo rangi yao ya bluu!

Nimeanza kushona mablanketi ya viraka nyumbani hapa Tanga, safari hii nikasema sinunui vitambaa vya rangi, natia mwenyewe. Duka liko Ngamiani, jina naliacha. Marekani yao safi kabisa, pamba tupu, mi huwa nachomoa uzi mmoja naupiga kiberiti, ukinuka kama karatasi ukabaki jivu ni pamba, ukijikunja ukawa kidonge kigumu hiyo ni poliesta na hizi rangi haishiki hata uiloweke mpaka kesho.

Shida ikaja kwenye rangi za unga. Njano poa, kijani poa, bluu sasa! Nimefuata kila kitu jamani, kitambaa nimekifua kutoa wanga, chumvi nimetia, magadi soda nimetia, nimeacha ndoo usiku kucha, asubuhi nasuuza maji ya nne bado yanatoka bluu kama nafua sare mpya ya shule. Nikashona hivyo hivyo, hapo kosa langu, kufua tu blanketi viraka vyote vyeupe vikawa rangi ya mawingu ya mvua.

Nikarudisha kopo. Mama mwenye duka akachungulia, "Pole mwanangu, hii imekaa sana, imeingia unyevu," akanipa jingine bila maneno. Unyevu wa huku pwani naujua, ila si angeniambia mapema?

Marekani nitarudi kununua. Bluu mpya naijaribu kwanza kwenye kipande cha ukubwa wa kiganja.