Kadi za kamera na harusi za Lamu: feki iliyonitoa jasho, na ninayotumia sasa

Mimi ni mwanamke, napiga picha za harusi za kike hapa Lamu. Kwa asiyezijua: usiku wa kupamba mwanamume haingii, na picha za bibi harusi hazitakiwi zionekane hovyo nje. Ndiyo maana nikimaliza kazi na kukabidhi picha, mama mtu hunyosha mkono: "Haya mwanangu, na hiyo kadi pia." Kila harusi inakula kadi. Kwa hiyo nikawa nanunua za bei ya chini.

Mwaka jana nilipata ya GB 128 kwa shilingi 800. Duka silitaji. Nikaichomeka kwenye Canon 80D yangu, nikaifomati, kamera ikaonyesha GB 119 na kidogo, nami nikaona mambo sawa. Nikapiga hina, nikapiga wanawake wakiimba vugo, nikapiga bibi harusi alipotolewa. Usiku nafungua laptopu: hina yote ipo, safi. Baada ya picha kama 250 za mwanzo, mambo yakaanza kuharibika. Bibi harusi uso upo, kuanzia shingoni kwenda chini ni kijivu kitupu. Nyingine hazikufunguka kabisa. Kwenda kumweleza somo wake, yule mwanamke anayemfunda, kulinichukua siku mbili za kujikaza.

Kadi za namna hii chipu yake ni ndogo, ila imechezewa ijitangaze kubwa. Nafasi ya kweli ikiisha, picha mpya hazina pa kukaa, au hukaa juu ya zile za mwanzo, na kamera haina habari. Kuifomati hakukusaidii kujua. Niliipima kwa H2testw, programu ya bure inayoijaza kadi nzima kisha kuisoma tena, ikatoka GB 7 na ushee.

Sasa natumia SanDisk Extreme ya GB 64, niliyoagiza Nairobi kwa wakala anayetoa risiti. Usibabaishwe na ile 170 MB/s iliyoandikwa kwa maandishi makubwa. Hiyo ni spidi ya kusoma, ya kuhamishia picha kwenye kompyuta, tena ukiwa na kisomeo kinachoiweza. Kuandika ni hadi 80. Macho yako yaende kwenye alama ndogo: V30, au namba 3 ndani ya herufi U. Maana yake haishuki chini ya MB 30 kwa sekunde inapoandika mfululizo. C10 na U1 zinakuahidi 10 tu.

Utasema 10 inatosha. Kwa video ya kawaida, sawa. Lakini 80D hupiga hadi picha 7 kwa sekunde, na RAW moja, yaani picha ghafi kama kamera ilivyoinasa, ni karibu MB 29. Bibi harusi akifunuliwa mtandio unabonyeza bila kuachia. Kadi ya polepole inaiacha kamera ikisubiri, kitaa chekundu kinawaka, na machozi ya mama mtu yameshafutwa. Hii ya V30 bado haijanikosesha. V90, ile ya MB 90 kwa sekunde, sikuigusa: ina safu mbili za pini na bei yake ni ya kutisha, na kamera yangu haiwezi kuitumia spidi hiyo.

Ami yangu ana kikamera cha zamani akaniomba nimpe moja. Kikaikataa. Vile vilivyotengenezwa kwa kadi za SD za mwanzo hutaka GB 2 kushuka chini, kwa hiyo soma kitabu chake kwanza.

Lawama yangu ni bei. Kumwachia mteja kadi kama hii kunauma, basi wa kuachiwa nawanunulia GB 32, ambazo hubeba RAW kama elfu moja, na huzipima zote kabla ya harusi. Asiyetaka kulipia kadi namfutia mbele yake: naifomati, kisha naijaza nzima kwa H2testw ileile, kwani kufuta kwa kamera peke yake si kufuta. Mtu mwenye programu ya kurejesha anaziinua tena.

Harusi ya juzi ya Mkomani, nyanya wa bibi harusi alijiwekea kiti kando ya laptopu na kikombe chake cha kahawa, saa nzima na ushee, hadi programu ikamaliza. Akaivuta kahawa ya mwisho. "Haya," akasema, "ipitishe tena."