Kabla hujanunua amplifaya ya mziki wa sherehe, igeuze uangalie nyuma

Mwaka jana nilinunua amplifaya Kariakoo, mbele imebandikwa wati 10,000, muuzaji ananiambia dada hii unapiga uwanja mzima. Send-off ya tatu tu, bibi harusi ndo anaingia na wasindikizaji wake, mziki ukakata. Taa nyekundu ya protekti, ile ya mashine kujikinga, inawaka, nagusa mfuniko mkono haukai, nashika plagi ukutani nayo ya moto, waya umelegea kama tambi iliyoiva. Kamati nzima inanitazama. Walinikata nusu ya hela na sikuwa na la kujibu.

Utamu wa sauti, matundu ya XLR ya kuchomeka waya za sauti, hayo kila mtu anaangalia, siyagusi. Mimi naangalia nyuma, umeme unaoingia. Plagi yetu ya pini tatu ni ampea 13, zidisha kwa volti 230 unapata wati 2,990, basi. Hizo 10,000 zinatoka wapi jamani? Sikatai, teke moja la besi linaweza kuzidi kilichopo ukutani kwa sababu linachota akiba ya kwenye kapasita, ila singeli haipigi teke moja, inakwenda saa nzima bila kupumua, na umeme ambao haujageuka sauti unageuka joto, joto likizidi mashine inajizima. Watengenezaji wa kweli wanaandika matumizi ya umeme kwenye moja ya nane ya nguvu yote, mziki wa kawaida huo. Ukikaza mpaka taa za klipu, zile za kuonya sauti imezidi, hazizimiki unasogea kwenye moja ya tatu, na hapo ndo inaanza kuchemka.

Kwangu namba moja ni QSC RMX 2450, sifichi naipenda. Wati 500 kila chaneli kwenye spika za omu 8, 750 kwenye omu 4 (omu ni ukinzani wa spika, ukipungua amplifaya inabeba mzigo zaidi), transfoma ya chuma kweli, utaijua ukiinyanyua. Feni inavuta hewa nyuma inatolea mbele kwahiyo ndani ya raki, kabati la kupangia mashine, hapageuki tanuri, ila usiipange na amplifaya inayopuliza kinyume chake, zitalishana moto usiku kucha. Ukipata ya mtumba soma volti nyuma, za soko la Marekani ni 120, ukiichomeka huku umeshaiua.

Ya pili Yamaha PX5, 500 kwenye omu 8 na 800 kwenye omu 4. Ya tatu Crown XLS 2502, haifiki kilo 5, 440 kwenye omu 8 na 775 kwenye omu 4, anayebeba mziki kwa bajaji atanishukuru, lakini sherehe ya mpaka alfajiri mimi narudi kwa QSC. Zote tatu siziweki chini ya omu 4 hata kama karatasi inaruhusu.

Zile za bei ya laki tatu nne zenye namba kubwa mbele, zinatosha kwa spika mbili za kanisani tu, futa vumbi kwenye feni, basi.

Kinachoniuma ni hawa wauzaji. Ukiuliza inakula ampea ngapi anakuonyesha rimoti na taa za rangi, ukitaka kujaribu na spika zako anasema ukishafungua boksi umenunua, ikiungua wiki ijayo hakuna kurudisha, na bei inapanda kila ukirudi. Siku hizi naenda na fundi wangu ana klampu mita, kifaa cha kubana waya kinachosoma ampea, tunachomeka palepale na mziki wetu kwenye flashi tunasoma inakula ngapi. Juzi duka moja wametukatalia tusiguse waya, tumeiacha amplifaya juu ya kaunta tukaondoka.